Magofu ya hamamu za Kirumi: yaogewe, yatazamwe au yafukiwe?

Katika mji wa Bath, magharibi mwa Uingereza, maji ya moto yanatoka ardhini leo kama yalivyokuwa yakitoka Warumi walipofika: nyuzi joto 46 hivi za Selsiasi, zaidi ya lita milioni moja kwa siku, bila pampu wala kuni. Yanaingia katika Birika Kuu ambalo mafundi wa Kirumi walilitandika mabati ya risasi karibu miaka 2,000 iliyopita, na risasi ile ingali inashika maji. Lakini mgeni aliyelipa kiingilio anaambiwa asitie hata kidole. Mwaka ukiwa mzuri, watu zaidi ya milioni moja huja kutazama maji ya kuogea ambayo hayaogewi.

Hapo ndipo hoja inapoanzia. Wapo wanaosema hamamu isiyoogewa imekwisha kufa, na kuilinda bila kuitumia ni kutunza maiti kwa gharama kubwa. Wapo wanaojibu kwamba jiwe la kale likishavunjika halirudi, na kila aliyekuja na wazo zuri la "kufufua" magofu alikata, akachimba au akaziba kitu ambacho leo tungelipa fedha nyingi tukione. Mimi naegemea upande wa watumiaji, ila kwa masharti ambayo wengi wao hawatayapenda. Na kuna magofu ambayo ningependa yarudishwe chini ya mchanga yakae huko.

Kwanza tuelewe kinachobishaniwa. Hamamu ya Kirumi ilikuwa mtambo kabla ya kuwa jengo. Sakafu ya vyumba vya moto haikukaa juu ya udongo. Iliinuliwa kwa vinguzo vifupi vya matofali, na chini yake hewa ya moto kutoka tanurini ikapita, ikapanda kutani ndani ya vigae vyenye uwazi, ikatokea juu. Mwogaji alivua nguo, akajipaka mafuta, akafanya mazoezi, akaingia chumba cha vuguvugu kisha cha moto, akakwangua mafuta na jasho kwa chuma kilichopinda, akamalizia kwenye maji baridi. Mji wa Roma peke yake, kwa orodha za karne ya 4, ulikuwa na hamamu kubwa za kifalme 11 na ndogo 856. Chini ya vyumba hivyo walifanya kazi watumwa waliopakia kuni usiku na mchana, katika njia za giza ambazo mwogaji hakuziona. Nitawarudia.

Mtambo wa namna hiyo ukizimwa huoza upesi. Joto lililokuwa likikausha kuta linaondoka, unyevu unaingia. Maji ya mvua hupenya kwenye makuba, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma itoke, mizizi huingia kwenye nyufa, na sakafu iliyosimama juu ya vinguzo hushuka kimoja kimoja. Roma ilipozingirwa na Wagothi wa mfalme Vitiges mwaka 537, mifereji ya maji ilikatwa. Hamamu ya mfalme Caracalla, iliyofunguliwa mwaka 216 na yenye nafasi ya waogaji wapatao 1,600 kwa wakati mmoja, ikakauka na haikuwashwa tena. Kilichofuata hakikuwa kazi ya Wagothi wala ya muda. Watu wa Roma wenyewe waliigeuza machimbo ya mawe: nguzo na vichwa vya nguzo vikaenda kupamba makanisa, marumaru ikachomwa kupata chokaa. Katika miaka ya 1540 Papa Paul III, wa ukoo wa Farnese, alichimba pale akitafuta mapambo ya kasri la familia yake. Sanamu kubwa ya Hercules na ile ya fahali, ambazo leo watalii huziona Naples, zilitoka humo.

Ukitoka Caracalla ukaenda kwenye hamamu ya Diocletian, karibu na kituo kikuu cha treni cha Roma, unakuta jibu la watumiaji limesimama wima. Hamamu hii ilijengwa kati ya mwaka 298 na 306, ikaizidi ya Caracalla kwa ukubwa, na ikaishiwa maji kama mwenzake. Lakini mwaka 1561 Papa Pius IV aliamuru sehemu yake igeuzwe kanisa, Santa Maria degli Angeli, na kazi akapewa Michelangelo, mzee aliyekwisha kupita miaka 80. Michelangelo alifanya la busara: hakufanya mengi. Makuba aliyaacha juu, na zile nguzo nane za graniti nyekundu kutoka Misri akaziacha zilipokuwa. Mwaka 1702 mwanafalaki Francesco Bianchini alitandaza sakafuni mstari wa shaba wa kupimia mwendo wa jua, na moja ya sababu za kulichagua jengo hilo ni kwamba kuta zake za kale zilikwisha kutulia, hazikuwa zikishuka tena kama za majengo mapya. Sehemu nyingine ya hamamu iliwahi kuwa ghala la nafaka, na tangu 1889 kuna makumbusho ya taifa humo.

Kwa hiyo leo, mtu akitaka kuona ukumbi wa hamamu ya kifalme ulivyokuwa ukiwa na paa lake, haendi kwenye gofu lililozungushiwa uzio. Anaenda kanisani. Ghala, kanisa, makumbusho: kila mpangaji alikuwa na sababu yake ya kuziba tundu la paa kabla mvua haijaingia. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande huu, nami sijaona aliyeivunja. Wahifadhi wakali husema, kwa haki, kwamba kanisa lilikula hamamu: sakafu iliinuliwa karibu mita 2, vitako vya nguzo vikafukiwa, na katika karne ya 18 msanifu Vanvitelli akavisha kuta mapambo ya zama zake. Asiyeambiwa hajui kama amesimama mahali pa kuogea. Ni kweli. Lakini nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya ukumbi uliovishwa nguo za watu wengine na ukumbi ulioanguka, sihitaji kufikiri sana.

Caracalla nayo imetumika, ila kwa namna nyingine. Mwaka 1937 serikali ya Mussolini ilianzisha maonyesho ya opera humo majira ya joto, jukwaa likajengwa ndani kabisa ya magofu, palipokuwa chumba cha maji moto. Katika Michezo ya Olimpiki ya 1960 mashindano ya jimnastiki yalifanyika pale. Julai 1990, mkesha wa fainali ya Kombe la Dunia, Pavarotti, Domingo na Carreras waliimba pamoja hapo, na televisheni zikaifanya hamamu hiyo ijulikane na watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Caracalla. Miaka mitatu baadaye maonyesho yalisimamishwa. Jukwaa, viti, magari ya vifaa na mitikisiko vilikuwa vinayaumiza matofali, na wataalamu wa mambo ya kale walikwisha kuchoka kulalamika.

Yaliporudi mwaka 2001, jukwaa lilihamishiwa mbali na kuta. Magofu yakawa mandhari tu nyuma ya waimbaji, na vifaa vyote vikawa vya kuondolewa msimu ukiisha. Opera haikufa kwa kusogezwa. Watazamaji wanaendelea kuja. Waliosema mwaka 1993 kwamba kuondoa jukwaa ndani ya magofu ni kuua sanaa walikosea, na waliosema opera isirudi kamwe walikosea pia. Kilichohitajika kilikuwa ni kusogea mita kadhaa. Natamani mabishano mengi ya urithi yangeishia hivyo, lakini mengi hayana mita za kusogea.

Nirudi Bath, kwa sababu kule hatari haikuwa kwa mawe, ilikuwa kwa watu. Hadi miaka ya 1970 klabu za kuogelea zilikuwa zikitumia maji ya chemchemi ile. Oktoba 1978 msichana mmoja alifariki kwa ugonjwa wa ubongo baada ya kuogelea. Chanzo kilikuwa amiba iitwayo Naegleria fowleri, kijidudu kinachopenda maji ya vuguvugu, kinachoingia kwa njia ya pua na kupanda hadi kwenye ubongo. Maji yakafungwa. Baadaye kisima kirefu kilichimbwa kuyafuata chini zaidi, kabla hayajakutana na udongo na mabomba machafu ya juu.

Ajali hiyo hutajwa kama ushahidi kwamba mambo ya kale yaachwe ya kale. Mimi naisoma hivi: maji na jengo ni vitu viwili, na kila kimoja kinahitaji ulinzi wake. Tena, wanaodai "tuoge kama Warumi" huwa hawamaanishi. Marcus Aurelius, ambaye alikuwa mfalme wa Roma na alizijua hamamu, aliyataja maji ya kuogea kama mchanganyiko wa mafuta, jasho, uchafu na maji ya utelezi. Celsus, mwandishi wa tiba, alionya kwamba mwenye kidonda kibichi akienda hamamu anaweza kukiozesha. Utafiti wa Piers Mitchell wa Cambridge, uliotoka mwaka 2016, ulionyesha kwamba minyoo na chawa havikupungua katika dola ya Kirumi pamoja na hamamu zote zile na vyoo vya mawe. Hata rangi ya kijani ya Birika Kuu, inayopigwa picha kila siku, haikuwahi kuonwa na Mrumi. Ni mwani, unaokua kwa sababu paa lilianguka na jua linapiga maji moja kwa moja.

Halafu kuna swali la gofu lenyewe ni la nani. Mgeni anapoegemea ukingo wa ghorofa ya juu pale Bath, kati ya sanamu za wafalme na magavana wa Kirumi, anadhani anatazama ukale. Sanamu zile zilichongwa mwaka 1894. Birika lilichimbuliwa karibu na mwaka 1880 na Charles Davis, mpima wa mji, nyumba zilizokuwa juu yake zikabomolewa, kisha nguzo na baraza zikajengwa kwa jinsi Waingereza wa enzi ya Victoria walivyopenda kuiwazia Roma. Cha Kirumi ni birika, mabati, sakafu na vitako vya nguzo. Juu ya hapo karibu chote ni cha karne ya 19. Leo kazi hiyo ya enzi ya Victoria nayo imezeeka na inalindwa kama urithi. Huwezi kuibomoa ili urudi kwa Warumi, maana utakuwa umeharibu historia moja kwa kuitafuta nyingine. Msafi wa uhifadhi anayetaka "hali ya asili" hana pa kusimama hapa. Asili ipi? Ya mwaka 70 hivi, hekalu la Sulis Minerva, mungu wa kike wa chemchemi hiyo, lilipokuwa jipya? Ya karne ya 2, birika lilipowekewa kuba la mawe badala ya paa la mbao? Au ya karne ya 5, tope lilipoanza kujaa?

Tope, kwa kweli, lilifanya kazi nzuri kuliko binadamu yeyote. Kuanzia mwaka 1979, maji yakiwa yamefungwa, wachimbaji wakiongozwa na Barry Cunliffe waliingia kwenye chemchemi yenyewe, wakakuta sarafu za Kirumi zaidi ya 12,000 na vibao vya risasi na pewta vipatavyo 130 vyenye maapizo. Ni barua kwa mungu wa chemchemi, nyingi zikiwa za watu walioibiwa vitu wakati wa kuoga. Bwana mmoja, Docimedis, alipoteza glavu mbili akaomba mwizi apoteze akili na macho. Hakuna mwanahistoria aliyetuandikia Waingereza wa kawaida wa enzi ile walizungumza vipi, walikasirikaje, jina la jirani waliyemshuku lilikuwa nani. Tumeyapata kwa sababu kwa zaidi ya miaka 1,500 hakuna aliyesafisha chini ya ile chemchemi. Kama mtumiaji mwenye bidii angeikarabati kila baada ya miaka mia, vibao vingetupwa na tope. Hii ni hoja ya upande wa pili inayonikosesha usingizi kidogo, na ndiyo inayonifanya niseme kuna mahali pa kuacha.

Lakini si kila kufukia ni kuhifadhi. Kilomita 18 hivi kutoka Bergama, magharibi mwa Uturuki, kulikuwa na Allianoi, mji wa tiba uliojengwa juu ya chemchemi ya maji moto na kukua sana karne ya 2. Katika maandishi yote ya kale umetajwa na mtu mmoja tu, Aelius Aristides, msemaji mgonjwa aliyezunguka kutafuta nafuu. Maji yake yaliendelea kuogewa na watu wa pale hadi karne ya 20. Tangu miaka ya 1990 wachimbaji chini ya Ahmet Yaraş walifukua mabirika yenye marumaru, barabara, madaraja, vyombo vya waganga na sanamu nzuri ya mwanamwali aliyebeba chombo cha umbo la kombe. Sehemu kubwa ya mji ilikuwa bado haijaguswa. Shida ni kwamba bonde lilikwisha kupangiwa bwawa la umwagiliaji, Yortanlı. Mabishano yalikwenda mahakamani na katika jumuiya za urithi za Ulaya. Mwaka 2010 magofu yalifunikwa kwa mchanga, na kuelekea mwisho wa mwaka huo maji yakaanza kujazwa.

Ni rahisi kwa sisi tunaosoma kwa mbali kuwalaani waliofanya hivyo. Wakulima wa bonde la Bakırçay walikuwa wakingoja maji kwa miongo, na mkulima hana wajibu wa kubaki na shamba kavu ili mgeni apige picha ya vigae. Nchi iliyojengwa juu ya tabaka za Wahiti, Wagiriki, Warumi na Waosmani haiwezi kusimamisha kila bwawa kwa kila gofu. Hayo nayakubali. Nisichokikubali ni hesabu yenyewe. Wapinzani walisema tangu mapema kwamba bwawa hilo litajaa tope ndani ya miaka 50 hivi. Iwe 50 au 80, ni muda mfupi ukilinganisha na chemchemi iliyoogesha watu kwa karne 18. Na kusema kwamba mchanga umeulinda mji kwa ajili ya vizazi vijavyo ni kujipa sifa isiyostahili. Mchanga mkavu unalinda. Mchanga ulio chini ya mamia ya maelfu ya tani za maji, juu ya chemchemi ya moto inayoendelea kusukuma kutoka chini, ni jaribio ambalo hatutaona matokeo yake. Mwanamwali yupo makumbushoni Bergama. Mji wake umezama.

Uingereza isijivune mbele ya Waturuki. Mji wa Chester ulikuwa na hamamu ya ngome ya jeshi, kuta na sakafu za vinguzo zikiwa katika hali nzuri ajabu, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 zilivunjwa kupisha maduka. Hata mkulima anayengoja maji hakuwepo wa kumsingizia.

Upande wetu wa bahari, kaskazini mwa bara hili, ndiko mizani hii inaonekana wazi zaidi. Hamamu ya Antoninus pale Carthage, Tunisia, iliyojengwa ufukweni katikati ya karne ya 2, ilikuwa kubwa kuliko zote barani Afrika, na maji yake yalitoka Zaghouan kwa mfereji wa kilomita 132. Anayeifikia leo anatembea katika vyumba vya chini: sehemu ya huduma, ya tanuri na ghala. Kumbi za juu zilibebwa jiwe kwa jiwe na vizazi vya wajenzi. Nguzo moja imesimamishwa upya ili mgeni apate kukisia kimo kilichopotea. (Ikulu ya rais iko jirani, na walinzi hawataki kamera zielekezwe upande huo, kwa hiyo picha nyingi za hamamu hii zina bahari nyuma yake.) Kwa bahati hiyo ya ajabu, Carthage inaonyesha kile ambacho hamamu nyingine zinaficha, mahali pa watumwa. Pale Caracalla njia za chini, pana kiasi cha kupitisha mikokoteni ya kuni, zilikarabatiwa na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2012 tu, baada ya karne nne na nusu za kushangilia sanamu za juu.

Leptis Magna, Libya, kuna hamamu ndogo iitwayo ya Wawindaji. Dhoruba za mchanga ziliifunika yote, na ilipofukuliwa karne ya 20 ilitoka ikiwa na makuba yake juu na michoro ya watu wakipigana na chui kutani. Hakuna hamamu ya kifalme inayoweza kujisifu hivyo. Tangu 2016 Leptis imo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Chui waliokaa salama gizani kwa karne nyingi sasa wamo kwenye hewa yenye chumvi ya bahari, katika nchi ambayo mlinzi wa magofu hana uhakika wa mshahara. Ukiuliza kama ingekuwa heri wabaki mchangani, jibu langu ni ndiyo, hadi pawepo mwenye kuwatunza. Kufukua ni kuanza kuharibu. Anayefukua bila bajeti ya paa na ya fundi wa kudumu anafanya kazi ya mbomoaji, hata akiwa na shahada tatu.

Na kuna Khenchela, Algeria, mguuni mwa milima ya Aurès: Hammam Essalihine, chemchemi ya moto yenye birika moja la duara na jingine la mstatili, ya enzi ya wafalme wa Flavii, karne ya 1. Watu wanaoga humo hadi leo. Si maonyesho ya watalii. Ni wenyeji na wasafiri wanaokuja kutuliza viungo, kama babu zao walivyofanya. Mawe yamekarabatiwa mara nyingi na si yote ni ya kale. Mhifadhi wa kitabuni akifika atasononeka: sabuni, miguu, lipu mpya. Mimi naona kitu kilichokwisha kupotea Bath, Caracalla na Carthage kwa pamoja, nacho ni kazi yenyewe, isiyokatika, ya jengo lililojengwa kwa ajili ya kuoga.

Desturi hiyo haikuishia kaskazini. Waislamu wa Shamu waliikuta kwa Warumi wa Mashariki wakaichukua pamoja na sakafu yake ya vinguzo. Qusayr Amra, katika jangwa la Jordan, ni hamamu ya mwanzoni mwa karne ya 8 yenye mtambo wa Kirumi na mwenyeji Mwarabu. Kupitia Uajemi na Oman, mlolongo huo ulifika Unguja: Kidichi, iliyojengwa na Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na Hamamni ya mjini, ya enzi za Sayyid Barghash. Zote mbili zimekauka, zote mbili hutazamwa tu, na lipu ya Kidichi yenye ndege na maua inaliwa na unyevu ule ule niliousimulia mwanzo.

Masharti yangu kwa watumiaji, basi, ni haya. Kitakachotumika kiwe nafasi, maji au joto, si ngozi ya kale ya jengo. Bath wamelionyesha hilo bila kelele: maji yanayotoka birikani hupita katika mfereji mkuu wa Kirumi kwenda mto Avon, na siku hizi joto lake linavunwa njiani kuongeza moto katika kanisa kuu la jirani. Mtambo wa Kirumi unapasha tena jengo joto, na hakuna jiwe lililotobolewa la kulilia. Kinachoongezwa kiondoleke pasipo jeraha, kama jukwaa la Caracalla la baada ya 2001, na ukarabati ufanywe kwa chokaa, si kwa saruji ngumu inayofungia maji ukutani wala vyuma vinavyoota kutu na kupasua matofali, makosa ambayo karne ya 20 iliyatapakaza kuizunguka Mediterania. Na sehemu ambayo haijachimbwa, ambayo tope bado linashikilia siri zake, isiguswe na mradi wowote wa kufufua.

Caracalla wamejaribu njia ya katikati mwaka 2024: birika jipya la mita 42 kwa 32, lenye kina cha sentimita 10 tu, limewekwa mbele ya magofu ili kuta zijione tena majini na jukwaa la dansi lielee juu yake. Wapo wanaoliita pambo la matajiri. Nadhani ni zuri, na nadhani halijajibu swali, kwa kuwa hakuna anayeoga katika sentimita 10.

Jibu la Bath ndilo kamili zaidi, nalo lina doa. Badala ya kurudisha waogaji kwenye magofu, mji ulijenga nyumba mpya ya maji moto hatua chache tu kutoka hapo, ukitumia maji safi ya visima virefu. Bajeti ya awali ilikuwa pauni milioni 13 hivi. Ilifika karibu milioni 45. Agosti 2003 wale wale waimbaji watatu wa Caracalla walialikwa kuimba kusherehekea ufunguzi, na milango ikafunguliwa miaka mitatu baadaye, Agosti 2006. Mawe yamepona, waogaji wamepata maji, na amiba hana nafasi. Ila hamamu ya Kirumi ilikuwa ya senti ndogo kabisa, hata mtumwa aliweza kuingia, na tiketi ya jengo hili jipya si ya kila mtu. Ndiyo maana mtu akija na mpango wa kuisafisha Khenchela, kuizungushia uzio na kuwajengea wenyeji "kituo cha kisasa" kando, ningetaka kuona bei ya kuingia kabla ya kuona michoro.